Inulini si insulini: tuelewane kuhusu kiazi alizeti

Mama jirani yangu alibisha hodi jioni moja akiwa na kifurushi cha gazeti mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hivi vitu." Akafungua gazeti juu ya meza. Ndani mlikuwa na vipande sita, ukivitazama haraka utasema ni tangawizi: vina vinundu vinundu, ngozi nyembamba ya rangi ya udongo yenye wekundu kwa mbali, na macho madogo yaliyochomoza kwenye kila pembe. Nilikata kimoja kwa kisu. Ndani cheupe, kina maji, kinakatika kwa mlio kama karoti changa.

Nilivitambua mara moja kuwa ni viazi alizeti, kwa sababu nina tuta la mmea huohuo nyuma ya nyumba, hapa pembezoni mwa jiji la Mbeya. Lakini yeye hakununua mboga. Mtu aliyepita mtaani alimwambia hivyo ni viazi vyenye insulini, na kwamba akila kimoja kila asubuhi anaweza "kupumzisha sindano". Mama huyu anajidunga insulini kwa miaka mingi sasa. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu. Kiazi hiki nakipenda, nimekilima misimu mitatu na ningefurahi kukiona kwenye bustani nyingi kuanzia Iringa hadi Tukuyu. Ila kukila bila kukielewa kunaweza kumfikisha mtu hospitali.

Tuanze na maneno yenyewe, maana tofauti yake ni herufi moja tu.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia kwenye chembe za mwili. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa kuwa chembe zinazoitengeneza zimekaa makundi makundi ndani ya kongosho mithili ya visiwa. Iligunduliwa mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa. Kwa nini hudungwa na hainywewi? Kwa sababu insulini ni protini, na tumbo likipata protini huivunjavunja, iwe ya yai, ya samaki au ya dawa. Kwa hiyo hata kama kungekuwa na kiazi kilichojaa insulini tele, kukitafuna kusingesaidia kitu. Hoja hii peke yake inatosha kumjibu yule muuzaji.

Inulini ni kitu kingine kabisa. Ni aina ya kabohaidreti, akiba ya chakula ambayo mmea unajiwekea chini ya ardhi. Mkemia Mjerumani, Valentin Rose, aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1804 kwenye mizizi ya mmea unaoitwa kitaalamu Inula, na jina likatokana na mmea huo. Haina undugu wowote na homoni. Kiazi alizeti kina inulini kwa wingi. Ukiondoa maji, ambayo ni karibu asilimia 80 ya uzito wake, sehemu kubwa ya kinachobaki ni inulini.

Ukitaka kuelewa inulini inafanya nini mwilini, chukua tonge la ugali mkavu usio na mboga, ulitafune kwa dakika nzima bila kumeza. Utaanza kuonja utamu. Wanga wa mahindi ni mnyororo mrefu wa glukosi, na mate yetu yana kimeng'enya kinachoukata. Kazi hiyo humalizikia kwenye utumbo mwembamba, glukosi ikaingia kwenye damu, sukari ikapanda. Viazi mviringo vya Uporoto, mihogo, magimbi, wali wa Kyela, vyote hupita njia hiyohiyo.

Inulini nayo ni mnyororo, ila umeunganishwa kwa fruktosi, na vifungo vyake ni vya aina ambayo binadamu hana kimeng'enya cha kuvikata. Utaitafuna, utaimeza, itapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba ikiwa nzima kama ilivyoingia. Inafika kwenye utumbo mpana, na huko ndiko inakopata wenyeji wanaoijua: bakteria. Wao wana ufunguo. Wanaichachusha, na uchachu huo unatoa vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni asidi laini zinazolisha ukuta wa utumbo na kuwastawisha bakteria wema. Cha pili ni gesi, na nyingi.

Ukishalishika hilo, karibu kila jambo linalosemwa kuhusu kiazi hiki linaeleweka. Watu wanaosema "hakipandishi sukari" hawajadanganya moja kwa moja: kikiwa kibichi na kimetoka shambani karibuni, sahani yake haipandishi glukosi ya damu kama sahani ya ugali ya uzito uleule. Lakini kutopandisha sukari ni jambo moja, na kuishusha kama dawa ni jambo jingine. Mgonjwa anayehitaji insulini akiacha sindano kwa kutegemea kiazi, sukari itapanda kutokana na vyakula vingine na hata kutokana na ini lake mwenyewe, damu itaanza kuwa na asidi, na mambo yanaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo sijasikia wauzaji wakiitaja. Tuseme mtu amejidunga kipimo chake cha kawaida kabla ya chakula, kipimo kilichopangwa kwa ajili ya ugali. Halafu badala ya ugali akala sahani ya kiazi alizeti. Sindano inatarajia glukosi, glukosi haiji. Sukari inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa. Mama yangu jirani nilimwambia hivi: vile viazi havina ubaya, aviweke kwenye mboga kama anavyoweka karoti, sindano asiiguse, na siku ya kliniki amweleze daktari kwamba anavila.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni utamu. Wengine wanaapa kiazi hiki hakina ladha, wengine wanasema ni kitamu kama njugu mbichi. Wote wako sahihi, wanatofautiana mwezi tu. Kiazi kikikaa kwenye baridi, chenyewe huanza kuikata inulini yake na kuigeuza sukari fupi fupi. Nilichochimba Aprili na nilichochimba Julai kutoka tuta lilelile vilikuwa kama vyakula viwili: cha Julai, baada ya wiki kadhaa za baridi ile ya Mbeya inayotufanya tulale na mablanketi mawili, kilikuwa kitamu zaidi na hakikusumbua tumbo sana. Sasa tazama matokeo yake kwa mgonjwa wa kisukari. Kiazi kinapokuwa kitamu na kipole kwa tumbo, ndipo sukari yake iliyofunguka inapoongezeka. Huwezi kuwa na kiazi kitamu kama asali ambacho pia hakina sukari, hata muuzaji aapeje.

Kuhusu majina sitakaa sana. Kwa Kiingereza kinaitwa Jerusalem artichoke, kwa jina la mji wa Yerusalemu, ingawa hakijatoka huko. Maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba Waitalia waliliita ua lake girasole, yaani ligeukalo jua, na masikio ya Waingereza yakasikia Yerusalemu. Wafaransa nao walikiita topinambour kwa jina la Watupinamba, watu wa Brazil walioletwa Paris mwaka 1613 wakati kiazi hicho kikiingia sokoni, ingawa watu hao hawakuwa na habari nacho. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji walikilima kabla wazungu hawajafika; Mfaransa Samuel de Champlain alikikuta kwenye mashamba yao mwaka 1605. Ni ndugu wa karibu wa alizeti hii tunayokamua mafuta, na ndiyo maana mimi nakiita kiazi alizeti. Tafadhali usikichanganye na alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara zetu na ambayo majani yake ni mbolea nzuri ya kijani. Alizeti pori ina majani yaliyopasuka mithili ya vidole, na chini haina kiazi. Kiazi alizeti kina jani zima, refu, lenye ncha, linalokwaruza kiganja kama msasa.

Je, kinafaa kulimwa nyanda za juu kusini? Kinafaa, kwa masharti, na sharti kubwa wengi hawalifikirii: urefu wa mchana. Kwao, mchana wa kiangazi hufika saa 15 na zaidi. Mmea unautumia muda huo kurefuka hadi mita tatu, na siku zinapoanza kufupika ndipo unaambiwa na jua lenyewe kwamba ni wakati wa kujaza viazi. Hapa kwetu Mbeya, karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, mchana mrefu kuliko yote, ule wa Desemba, ni kama saa 12 na dakika 40 tu. Kwa mmea huu kila mwezi ni mwezi wa kujaza viazi. Matokeo yake unawahi kutoa maua na kuanza kuweka viazi ukiwa bado mfupi, una majani machache ya kuulisha. Mimea yangu mingi iliishia kifuani au kichwani, haikunipita sana. Usidhani umekosea mbolea, ni jua.

Hilo halimaanishi kwamba haiwezekani. Thailand, nchi ya joto isiyo mbali sana na Ikweta, wanakilima, wanakiita kaentawan, na Chuo Kikuu cha Khon Kaen kimekifanyia utafiti kwa miaka. Sisi tuna faida ambayo maeneo mengi yao hayana, nayo ni ubaridi wa mwinuko: Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Unachopaswa kufanya ni kumpa mmea kila siku ndefu inayopatikana. Panda mvua za kwanza zinapotulia, Novemba au mwanzoni mwa Desemba, usingoje Januari. Na kwa kuwa mmea hautanuki sana, panda karibu karibu. Mimi naacha sentimita 30 kati ya shimo na shimo na 75 kati ya tuta na tuta, kina cha sentimita 10 hadi 15.

Mbegu ni kiazi chenyewe. Kipande chenye macho mawili au matatu, ukubwa wa yai la kienyeji, kinatosha. Kuna mtego mmoja: kiazi kilichochimbwa leo kimelala usingizi, ukikipanda kesho kinaweza kukaa wiki nyingi bila kuota, ukadhani kimeoza. Kinahitaji baridi ili kiamke. Waliokiacha ardhini kipite Juni na Julai hawana tatizo, mvua zikianza kinachipua chenyewe. Aliyekipata kikiwa kipya akiweke kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji, sehemu isiyogandisha, kwa wiki sita hivi.

Kuhusu kuipata mbegu hiyo, nisisitize. Usimwagize ndugu aliye Ulaya akuletee viazi ndani ya begi. Kuingiza sehemu yoyote ya mmea wa kupanda kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Na sababu ipo. Mkulima yeyote wa viazi wa Isongole au Njombe anajua mnyauko bakteria ulivyomaliza mashamba, na udongo ulioshika kwenye kiazi kimoja unatosha kuleta balaa jipya. Tafuta kwa mtu ambaye tayari anakilima nchini.

Udongo hakichagui sana mradi maji hayatuami. Samadi iliyoiva inatosha. Ukizidisha utavuna majani. Palilia mara moja au mbili, inulia udongo kwenye shina kama unavyofanya kwa viazi mviringo, na mahali pa upepo mkali, kama Makambako, funga kamba kwenye vigingi, la sivyo utakuta mstari mzima umelala.

Maadui wangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni ukungu unaoanzia chini ya shina: mmea unanyauka ghafla ukiwa mzima, ukifukua kidogo unaona utando mweupe na vipunje vya kahawia vidogo kama mbegu za haradali. Ng'oa mmea huo na udongo unaouzunguka, choma, usiutupe kwenye mboji. Ukungu huu unapenda pia maharage, karanga na nyanya, kwa hiyo usikipande mahali vilipotoka vitu hivyo. Panda palipotoka mahindi. Adui wa pili ni fuko. Msimu wa pili nilichimba upande mmoja wa tuta nikakuta mashina yamesimama vizuri na chini yake handaki safi, hakuna kiazi hata kimoja. Tangu hapo siachi mavuno yote ardhini. Nusu nachimba Mei, nusu naacha ipate baridi.

Usichimbe zaidi ya unachokula wiki hiyo. Ngozi ya kiazi hiki ni nyembamba mno, haina gamba kama la kiazi mviringo. Ukikiacha jikoni juu ya kabati, siku ya nne kimenywea kama uso wa mzee. Mchanga wenye unyevu kwenye ndoo, kivulini, unakihifadhi vizuri.

Sasa tuingie jikoni. Usimenye. Loweka, sugua vinundu kwa brashi au gunzi la muhindi, kata vipande, tupia moja kwa moja kwenye maji yenye ndimu maana kikipata hewa kinageuka kahawia. Ndimu hiyo usiimwage haraka. Ndiyo dawa halisi katika habari hii yote. Asidi na moto vikikutana vinaikata inulini, kwa hiyo vipande vilivyochemka robo saa au zaidi kwenye maji yenye ndimu husumbua tumbo kidogo kuliko vilivyokaangwa juu juu. Na kwa kuwa inulini huyeyuka kwenye maji ya moto, nyingine inatoka ukimwaga maji ya kwanza. Baada ya hapo navimalizia kwenye kikaangio na nyanya, karoti na karanga zilizotwangwa, kama tunavyounga mboga zetu siku zote. Usitegemee vishike umbo kama viazi mviringo. Havina wanga wa kuvishikilia, dakika chache za kupitiliza vinakuwa uji. Chipsi zake huungua nje kabla ya kuiva ndani. Mbichi, vikikatwa vyembamba kwenye kachumbari, ni vitamu sana, lakini hapo unaila inulini yote, kwa hiyo anza na vipande viwili vitatu.

Kuanza kidogo si ushauri wa adabu tu. Mwaka 1621 mtaalamu wa mimea wa Uingereza alikwisha kuandika kwamba kiazi hiki, kipikwe vyovyote, huleta upepo tumboni wenye maumivu. Mara ya kwanza nilikipika chungu kizima pamoja na maharage, tukala familia nzima, na usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Mtoto wangu mdogo alilia kwa tumbo kujaa hadi alfajiri, na bado najilaumu. Maharage yana sukari zake ambazo nazo huishia kwa bakteria walewale. Kuviweka pamoja siku ya kwanza ni kosa. Anza na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ongeza kila baada ya siku kadhaa. Utumbo hujifunza. Mtu ambaye vitunguu na saumu vinamsumbua tumbo asikiguse kabisa, maana navyo vina sukari za ukoo uleule.

Na watoto wadogo? Hapa nina msimamo. Wanga hutoa kalori nne kwa gramu. Inulini, baada ya bakteria kuchukua chao, hutupa kama moja na nusu. Maana yake sahani iliyojaa kiazi alizeti inashibisha tumbo lakini inaupa mwili nguvu kidogo. Kwa mtu mzima aliyezidi uzito hiyo ni faida. Kwa mtoto wa miaka miwili wa Iringa au Njombe, mikoa inayolima chakula kingi na bado iko miongoni mwa yenye udumavu mkubwa nchini, ni hasara. Kina madini ya chuma, takriban miligramu 3.4 kwa gramu 100, zaidi ya kiazi mviringo, na hilo ni jema. Lakini kisichukue nafasi ya uji wa karanga, yai, dagaa au maharage kwenye bakuli lake. Wala sioni sababu ya mtu kung'oa numbu zake, kile kiazi chembamba cha vidole ambacho wazee wa Njombe wanakijua, ili apande hiki. Numbu ni chakula cha wanga, cha kushibisha. Hiki ni mboga.

Limebaki moja: ukishakipanda, kukiondoa ni kazi. Kipande cha ukubwa wa harage kikisahaulika ardhini, msimu ujao ni mmea. Huko Ulaya kimetoroka bustanini na kujaza kingo za mito. Kwa hiyo usikipande kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, wala karibu na mto, mafuriko yatakisambaza kwa jirani na jirani wa jirani. Tengea tuta lake, lizungushie mfereji wa jembe moja, na mimea inayochipua nje ya mfereji ing'oe ikiwa michanga uwape ng'ombe au mbuzi. Majani wanayala vizuri.

Kati ya vile vipande sita, mama alipika vitano kwa ndimu kama nilivyomwelekeza. Cha sita alikirudisha kwangu Novemba, kimefungwa kwenye gazeti lilelile, kina chipukizi la zambarau lenye urefu wa kidole. Sindano zake anaendelea nazo. Tulikipanda pamoja nyuma ya jiko lake, ndani ya tairi kuukuu la lori, mahali ambapo hakiwezi kutoroka.